Fundi Gani Alichomea Dashibodi Hii

Kuna adabu moja ambayo mafundi wa magari huishika kuliko spana zao: kabla fundi hajafungua hata skrubu moja, lazima kwanza amponde fundi aliyemtangulia. Asipofanya hivyo, mwenye gari huingiwa na wasiwasi kwamba huyu naye hajui kazi. Fundi Kushoto alikuwa bingwa wa adabu hiyo. Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma kama mgeni rasmi, akatikisa kichwa, akashusha pumzi ndefu, kisha akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuja kutoa pole: "Fundi gani alikufanyia hivi?" Jibu hakulihitaji. Ukimtajia mtu, alisema alijua tu. Usipomtajia, alisema hata wewe unaona haya kumtaja.

Walimwita Kushoto kwa sababu alichomea kwa mkono wa kushoto, naye alijivunia mkono huo kana kwamba aliutafuta kwa jasho lake. Gereji yake ilikuwa na paa la bati, sakafu ya saruji iliyokunywa oili miaka mingi, na ukutani, kwa rangi nyekundu na herufi za kumtisha mtoto, maneno matatu: FUNGA MILANGO KWANZA. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake kuu ya kuchomea bodi ya gari. Milango ikiwa imefungwa, nguzo hazina pa kukimbilia. Ukiitoa, moto wa gesi unazivuta huku na huku na gari linageuka mkate uliokaliwa. Alipenda kuwaeleza wateja kwamba kanuni hiyo aliibuni yeye. Aliyejua ilibuniwa na nani alikuwa mke wake, ambaye alishona viti vya magari katika chumba cha pembeni, na ambaye katika ndoa yake alikuwa amejifunza ni lini useme na ni lini ukanyage tu pedeli ya cherehani.

Basi siku moja daktari wa meno akaleta gari lake kuukuu juu ya lori. Lilikuwa jekundu, la mviringo, lenye umri kumzidi daktari mwenyewe, na daktari alilipenda kwa mapenzi yale ambayo wake za watu huyatilia shaka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu analirudishia ujana wake, kipande baada ya kipande. Kilichobaki kumnyima raha kilikuwa dashibodi.

Magari ya siku hizi dashibodi ni plastiki. Unaibandua, unabandika nyingine, unakwenda zako kunywa chai. La daktari lilikuwa bati zima, zito, lililochomewa kutoka nguzo moja ya kioo cha mbele mpaka nguzo ya pili, nalo ndilo lililozishika nguzo zisiachane. Wenye gari sita waliolimiliki kabla ya daktari kila mmoja alikuwa amelitendea bati hilo wema wake. Wa kwanza kati ya hao wema alikata tundu la redio kwa mkasi wa bati, na kwa kuwa redio aliyonunua baadaye ilikuwa kubwa zaidi, akalikata tena. Mwingine aliweka feni. Mwingine alitoboa matundu manne ambayo hadi leo hakuna mwanadamu anayejua yalikuwa ya nini. Chini ya hapo kutu ilikuwa imekula ikashiba ikalala.

Lakini kubwa kuliko yote, daktari alieleza, lilikuwa kioo cha mbele. Hakikai. Hiki kilikuwa cha nne tangu alinunue. Gari limesimama zake, halijagusa hata kokoto, kioo kinapasuka kuanzia kona. Aliambiwa gari lina mkosi.

Kushoto alicheka kwa huruma. Gari halina mkosi, alimwambia, gari lina fundi. Kuna mtu alichomea bodi hii vibaya zamani, nguzo zikasogea, na tangu siku hiyo kila kioo kinachowekwa humo kinabanwa kama mguu kwenye kiatu cha mdogo wako. Huyo mtu, kama bado yu hai, apigwe marufuku kushika kiberiti.

Daktari alifarijika sana. Akateremsha bati jipya la dashibodi, yaani lilikuwa kuukuu vilevile ila zima, alilolipata kwenye gari la aina hiyohiyo lililokuwa likiatamiwa na kuku uwani kwa mtu. Lilikuwa limeviringishwa blanketi. Alilikabidhi kwa mikono miwili, akalitazama mara ya mwisho, akaondoka akigeuka nyuma.

Kushoto akaanza kwa kukwangua rangi pembeni, chini ya usukani, aone iko tabaka ngapi. Juu nyekundu. Chini yake nyeupe. Halafu ya maziwa. Halafu, kwenye bati lenyewe, kijani cha chupa, kilichopulizwa kikachuruzika kidogo karibu na bawaba. Mkono ukamsimama. Mchuruziko ule aliujua. Gari lile alilijua. Alikuwa amelitukana kwa miaka ishirini na minane bila kujua liko wapi, na sasa lilikuwa limemjia lenyewe, juu ya lori, kwa miguu ya mtu mwingine.

Hapa inabidi nikueleze habari ya baba mkwe wake, maana bila hiyo utadhani mtu mzima alikuwa anashangilia rangi.

Kushoto alijifunza kazi kwa mzee mmoja mchomeaji, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, na katika kujifunza huko akajifunza pia kwamba mzee ana binti. Akamwoa. Miezi minne baada ya ndoa likaingia gerejini gari la kijani la meneja wa ghala, dashibodi imeoza, nalo likabadilishwa bati. Kioo kikawekwa, kikapasuka. Kikawekwa cha pili, kikapasuka. Meneja akaja akifoka mpaka majirani wakatoka nje. Na mzee, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, akasema: kosa ni langu.

Hiyo ndiyo ilikuwa hadithi kwa mujibu wa Kushoto, na aliisimulia na kiapo juu. Mzee alikiri mbele ya mwenye gari. Meneja alipoondoka, mzee huyohuyo akamgeukia yeye, kijana wa watu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Ndimi mbili mdomo mmoja! Wakati yeye Kushoto alichomea vishikizo vya katikati tu, ncha zote mbili alichomea mzee. Kushoto akavua aproni, akamchukua mkewe, akafungua gereji yake. Tangu hapo mazungumzo yote kati ya mtu na baba mkwe wake yalikuwa "shikamoo" na "marahaba", tena msibani, tena wakitazama vitu tofauti.

Nisimwonee: hakuwa akidanganya makusudi. Kumbukumbu ya Kushoto ilikuwa kama gereji yake tu, kila kilichoingia kimebonyea kilitoka kimenyooka na kimepigwa rangi.

Miaka yote hiyo ugomvi huo ulikuwa wa kuchekesha. Mwaka huu ulikuwa umeacha kuchekesha. Mzee alikuwa ametimiza themanini na mbili na aliishi peke yake mitaa mitatu kutoka hapo. Aliteleza bafuni mara ya kwanza, akainuka. Aliteleza mara ya pili, akalala sakafuni mpaka jirani aliposhangaa redio ya mzee inaimba mchana kutwa bila mtu wa kuibadilishia stesheni. Akatoka hospitali na mkono wenye plasta. Binti yake alitenga chumba, akanunua godoro, na godoro hilo lilikuwa na miezi miwili kitandani likiwa bado ndani ya nailoni yake, kwa sababu mzee alisema hawezi kulala chini ya paa la mtu anayemwita mwongo, na Kushoto naye alisema mlango uko wazi, aje wakati wowote, atangulize tu samahani. Mke wa Kushoto alikuwa ameshakwenda kwa huyu na kurudi kwa yule mpaka viatu vikaisha soli. Usiku simu ikilia, roho ilikuwa ikimpasuka kabla hajaipokea. Mara ya tatu, alijua, redio itaimba na hakutakuwa na haja ya kukimbia.

Kwa hiyo Kushoto hakwenda chumba cha pembeni kwa mwendo wa kawaida. Aliingia kifua mbele, kipande cha rangi ya kijani kidoleni, akatangaza kwamba Mungu si mtu, ushahidi umepatikana. Mshono wa kuchomea wa mzee uko palepale chini ya puti ya kuzibia bati, haujaguswa. Kesho saa kumi mchana amlete baba yake aje aone kwa macho yake, mambo yaishe.

"Yaishe vipi?" mkewe akauliza.

"Aliyechomea ncha zile ndiye atakayeomba radhi. Hapahapa, mbele ya watu. Akishaomba, twende nyumbani tukale."

"Aliyechomea, yeyote?"

"Yeyote," alisema Kushoto, akacheka sana, na kwa kuwa fundi rangi na fundi umeme waliokodi pembe zao humo gerejini walikuwa wamenyoosha shingo, akarudia kwa sauti ili nao washuhudie. Yeyote. Mkewe akakata uzi kwa meno.

Kesho yake alianza kazi mapema akiwa na furaha ya bwana harusi. Alifuata kanuni yake yote. Milango akaifunga, yeye akaingilia dirishani, jambo ambalo kwa mtu wa miaka hamsini na sita mwenye kitambi si la kutazamwa na watoto. Akachomea chuma cha kuhimili kutoka nguzo hadi nguzo zisije zikasogea akishakata bati. Akapima juu, akapima chini. Nguzo zilikuwa zimeingia ndani nusu sentimita. Nusu sentimita tu, ndiyo iliyovunja vioo vyote vile na kumtenganisha binti na baba yake. Akaiandika kwa chaki kwenye kioo cha mlango wa pili, kubwa, mzee asije akasema haoni.

Kufika saa nane fundi rangi na fundi umeme walikwenda kula, wakiwa wameahidi kurudi kabla ya saa kumi, maana mambo kama hayo hayarudiwi. Kushoto akabaki peke yake. Akaipasha moto puti kwenye ncha ya bati, puti nene ya unene wa kidole, ikalainika, akaibandua kwa patasi. Ikatoka kipande kizima. Akafuta kwa kitambaa, akamulika tochi.

Mshono wa gesi ukiutazama karibu unafanana na magamba ya samaki, moja limelalia jingine, na magamba yote hutazama upande ambao mkono ulikuwa ukitokea. Ya wachomeaji wengi hutazama upande mmoja. Haya yalitazama upande wa pili. Na mwisho wa mshono palikuwa na kimkia kidogo kilichojikunja kwenda juu, kwa sababu aliyechomea alikuwa na tabia ya kukung'uta kiwiko kabla ya kuondoa moto. Fundi rangi alikuwa akimtania Kushoto kuhusu kimkia hicho kila wiki. Kilikuwa kwenye geti la gereji, kilikuwa kwenye meza ya kazi, kilikuwa kwenye kitanda alichomchomea mwanawe wa kwanza.

Kushoto akaizima tochi. Akaiwasha tena. Kimkia kilikuwa palepale.

Kichwa chake, kilichokuwa na uzoefu, kikaanza kunyoosha. Labda mzee alichomea amelala kichwa chini, magamba yakageuka. Labda baadaye gari lilipitia kwa mchomeaji mwingine wa kushoto. Naam, hilo. Lakini rangi ya kijani ilikuwa juu ya mshono, imechuruzika juu ya magamba yenyewe, na kijani kilipulizwa wiki ileile. Labda basi alichomea ncha hii moja, mzee akachomea ile. Akajivuta kwa tumbo mpaka upande wa pili, akapasha puti, akabandua. Kimkia cha pili kilimngoja huko.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika ishirini.

Grenda ilikuwa pajani pake. Sekunde kumi kila upande, mshono unakuwa bati tupu linalong'aa, halina magamba wala mkia. Angesema ameshaanza kazi, muda haukutosha kungoja, pole sana mzee. Nani angebisha? Akaiwasha. Akagusa kimkia cha kwanza, cheche zikaruka, na ile rangi ya kijani ya kale ikaungua na kutoa harufu yake chungu, na harufu hiyo, bila kumwomba ruhusa, ikamfungulia siku ile yote.

Kulikuwa na joto. Mzee alikuwa amekwenda kumwangalia ndugu yake mgonjwa. Milango ya gari ilikuwa imeegemezwa ukutani, miwili, bega kwa bega, kwa sababu yeye Kushoto, fundi mpya, mume mpya, alichoka kuingia na kutoka dirishani kama mwizi. Mzee aliporudi aliitazama ile milango ukutani. Aliibeba mwenyewe akairudisha kwenye bawaba, mmoja baada ya mwingine, na hata mmoja haukufungika. Na meneja alipokuja kufoka na kuuliza fundi gani alifanya hivi, mzee alisema kosa ni langu. Maneno hayo Kushoto aliyakumbuka miaka yote. Alichokisahau ni mahali mzee aliposimama akiyasema. Alisimama mbele yake. Alimziba kwa mgongo wake, mgongo mpana wenye ovaroli iliyoloa, ili meneja asimwone ni nani anayetetemeka nyuma.

Ningependa kukuambia kwamba hapo Kushoto aliizima grenda kwa uungwana. Aliizima kwa sababu alisikia fimbo ya mzee ikigonga saruji getini. Walikuwa wamewahi.

Mke wake alikuwa amemshika baba yake kiwiko. Mzee alivaa shati la kupigwa pasi, vifungo mpaka shingoni, kama mtu anayekwenda mahakamani, na mkono uliotolewa plasta ulikuwa umekonda kuliko mwenzake. Nyuma yao fundi rangi na fundi umeme waliingia wakichokonoa meno, wakachagua pa kukaa.

"Shikamoo, baba," akasema Kushoto kutoka ndani ya gari, kichwa tu ndicho kilichoonekana.

"Marahaba."

Kwa kawaida mazungumzo yalikuwa yakiishia hapo. Lakini mzee alimkabidhi binti yake fimbo, akalizunguka gari mara moja, polepole, mkono mmoja ukiparaza bati. Alisoma ile nusu sentimita ya chaki kwa kuikaribia mpaka pua ikaligusa dirisha. Ndipo Kushoto alipoona kwamba macho ya mzee yalikuwa yamefifia kabisa. Yale aliyoyaogopa miaka yote hayakuweza tena kusoma chaki. Shetani naye akamnong'oneza kwamba grenda haikuhitajika kumbe. Mzee haoni. Mwambie lolote.

Mzee akaingiza mkono dirishani. Akaomba aelekezwe ulipo mshono. Kushoto akaushika ule mkono uliokonda, mara ya kwanza tangu siku ya ndoa yake, akauweka juu ya bati. Kidole gumba kikatembea juu ya magamba taratibu mpaka mwisho, kikasimama.

"Fundi gani alifanya hivi?" mzee akauliza.

Fundi umeme alicheka kidogo, akanyamaza alipoona hakuna wa kumsindikiza. Kushoto alimtazama mkewe. Hakuwa akiutazama mshono, alikuwa anamtazama yeye, na uso wake ulikuwa umechoka kiasi kwamba hakuutambua.

"Mimi, baba," alisema Kushoto. "Ulikwenda kwa mgonjwa. Nilichoka kuingilia dirishani, nikatoa milango. Ncha zote mbili ni zangu. Nimekuita mwongo miaka yote hii na mwongo nilikuwa mimi. Nisamehe."

Mzee hakuutoa mkono. Kidole gumba kilirudi pale penye kimkia, kikapapasa.

"Hapa bado pana moto," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa unausaga."

"Ndiyo."

"Mbona ukaacha?"

"Nilisikia fimbo yako."

Mzee akaanza kucheka. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, halafu sauti ikatoka, ya kukwaruza, ya mtu aliyekaa na redio peke yake muda mrefu, mpaka binti yake akamwekea kiti. Kushoto, aliyekuwa amejiandaa kwa matusi, hakujua aweke wapi uso wake, na kwa kuwa alikuwa amekwama dirishani nusu ndani nusu nje, hakuwa na pa kuupeleka.

Aliyekasirika alikuwa mke wake. Alimuuliza baba yake kwa nini hakuwahi kumwambia, hata yeye, hata mara moja, siri siri.

"Ulikuwa na miezi minne ya ndoa," mzee alijibu. "Nikuambie nini? Kwamba nimekuoza kwa mtu asiyejua kufunga mlango?"

Hapo machozi yalimtoka mwanamke, akasema yote aliyokuwa akiyashonea ndani ya viti vya watu. Kwamba amepika sufuria mbili kila sikukuu. Kwamba watoto wake walikuwa wakimwimbia babu yao nyimbo za shule kwenye simu kwa sababu hakuna siku alikuja kuwasikia. Kwamba mmoja aliisema hadithi mpaka akaiamini, na mwingine alijifanya mtu mkubwa wa kunyamaza, na kati ya hao wawili hakuna hata mmoja aliyeuliza yeye anabeba nini. "Leo mnakuja nyumbani wote," alisema, "au nawafungia nje wote." Kisha akaingia chumbani kwake, na cherehani ikasikika ikienda mbio sana juu ya kitu ambacho sina hakika kilihitaji kushonwa.

Fundi rangi na fundi umeme walikumbuka kazi zao.

Bati jipya halikuchomewa siku ile. Lilichomewa kesho yake, mzee akiwa ameketi juu ya kiti cha mbele cha gari lenyewe, kilichowekwa sakafuni na kuvishwa ngozi mpya, akisimamia. Alisimamia kwa masikio. Gesi ikilia vibaya alisema punguza. Kushoto akiharakisha alisema unakwenda wapi, kuna treni? Walirudisha nguzo kwa jeki, uzi kwa uzi, mpaka ile nusu sentimita ikaisha, wakalipanga bati la daktari, wakabana, wakapima kwa kioo, wakachomea kidogo huku na kidogo kule, wakangoja lipoe, wakaendelea. Milango ilikuwa imefungwa. Mzee aliikagua mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa kiganja, mara tatu, mbele ya mtu aliyeiandika kanuni hiyo ukutani kwa rangi nyekundu kama yake. Ilikuwa inamuuma Kushoto, lakini alistahili.

Daktari wa meno alipokuja baada ya wiki tatu, kioo kilikuwa kimekaa na hakijalia hata kwi. Alipapasa dashibodi, akafungua mlango, akaufunga, akaufungua. Akauliza kama walimgundua yule fundi aliyeharibu hapo kwanza, maana angependa kumjua ili amwepuke.

"Ni mimi," alisema Kushoto.

Daktari akacheka mpaka akajishika ubavu. Alisema kweli mafundi wana utani, akaingia garini, akaenda zake akipiga honi. Kushoto alibaki amesimama getini, akigundua jinsi ukweli unavyokuwa mgumu kuaminika ukichelewa hivyo.

Nailoni ilikuwa imeshatolewa kwenye godoro. Kabla mzee hajahamia, Kushoto aliweka bafuni chuma cha kushikia, bomba nene lililochomewa kwenye mabati mawili na kufungwa ukutani kwa boliti nne. Alilisugua, akalipaka rangi nyeupe, akalijaribu kwa kuning'inia yeye mzima, na kwa uzito ule lilishika, kwa hiyo lingemshika yeyote. Asubuhi ya kwanza alimsindikiza mzee mpaka mlangoni. Mzee akaingia kwa hatua fupifupi, mkono mbele ukitafuta, ukalipata bomba. Kidole gumba kikateleza juu yake mpaka mwisho, kikakuta kimkia.

"Fundi gani alichomea hiki?" akauliza.

"Mimi, baba."

"Kibaya," alisema mzee. Akakishika kwa mikono miwili, akakiegemea kwa uzito wake wote, akamwambia afunge mlango.